Jina la Tatu

Mama yangu hana alama za vidole. Alizaliwa nazo kama watu wote, lakini aliziacha kidogo kidogo kwenye majani ya tumbaku kijijini kwetu Ipole, mwaka hadi mwaka, na mimi mwanawe sikulijua hilo mpaka siku nilipoweka kidole chake kwenye mashine na mashine ikakataa.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Kanyenye, mjini Tabora, kati ya duka la vitenge na mshona viatu, na kwa miaka kadhaa, pamoja na kutengeneza simu, nilikuwa wakala wa kusajili laini. Kazi hii sikuisomea. Niliishia darasa la saba. Nilianza kwa kufungua redio zilizokufa ili nione zimekufa kwa nini, nikaendelea kwa kusoma kila nilichokipata, kamusi ikiwa pembeni. Nina madaftari kumi na manane ya jalada gumu. Ukurasa wa kushoto huandika nilichosoma, ukurasa wa kulia nilichokiona kwa macho yangu. Mara nyingi kurasa hizo mbili hupatana.

Tumezaliwa wawili. Kaka yangu ndiye mkubwa. Aliondoka Ipole akiwa kijana, baada ya kugombana na baba juu ya tumbaku. Baba alitaka kumwachia shamba na bani, lile jengo la kukaushia majani. Kaka akasema hawezi kuzeeka ananuka moshi. Akaenda kaskazini, akapita Nzega, akaingia kwenye machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Miaka ya mwanzo alikuwa akipiga simu. Kisha baba akafa ghafla, na siku zote za msiba simu ya kaka haikupatikana. Habari zilipomfikia, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Alipiga mara moja. Mama akapokea, wakalia wote wawili bila kusema neno, simu ikakatika. Hakupiga tena. Namba yake ikawa haipatikani, ya mama ikabaki ile ile.

Tangu siku hiyo mama aliilinda namba yake. Simu yake ni ndogo, ya vitufe, imechakaa mpaka tarakimu zimefutika, lakini haijawahi kuzimika kwa kukosa chaji. Nilimfungia kipande cha sola juu ya bati kwa ajili hiyo tu. Kanisani mchungaji akiwataka waumini wazime simu, watu wote huzima, yeye huachwa, na hakuna anayenung'unika.

Watu wa huku tunajua kusubiri. Tulisimuliwa kwamba babu wa baba yangu alibeba mizigo kwenda pwani kwa njia ile ya misafara, na mkewe hakujua kama yu hai mpaka alipomwona anatokea kwenye kona. Huyo alikuwa na njia ya kutazama. Mama alikuwa na namba.

Asubuhi moja alifika kibandani mtu mwenye simu iliyoingia matope. Aliniambia kwamba ni fundi wa pampu za maji huko machimboni. Wakati naisafisha simu yake kwa spiriti, akawa ananitazama usoni.

"Fundi, wewe una ndugu kule kwetu?"

"Kwenu wapi?"

"Machimboni. Kuna mzee mmoja ana kichwa kama hiki chako. Nilipokuona nikajua amenitangulia Tabora."

Niliweka brashi chini. Nikamuuliza umri, kimo, kovu la shoka juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Vyote vilikuwa vyake.

"Mzima?"

"Mzima. Mkimya tu. Ila ana kituko kimoja, tunamtania sana." Alicheka kabla ya kukisema. "Jumapili anaoga, anavaa shati safi, anakaa juu ya ndoo. Anachukua simu, anafanya kama anatuma hela. Anaingiza namba, likija jina analisoma, halafu anafuta. Tunamwambia, mzee, kama hela huna si ukae tu? Anatujibu, nimeshatuma."

Kwa msomaji asiyetumia huduma hizi, nieleze. Unapotaka kumtumia mtu pesa kwa simu, ukishaingiza namba yake, kabla hujathibitisha, mfumo hukuonyesha majina aliyosajiliwa nayo mwenye namba. Umewekwa hivyo kwa usalama, ili usitume kwa mtu usiyemkusudia. Ukiona jina silo, unafuta. Kaka yangu alikuwa anaona jina ndilo, na anafuta. Alichokuwa anakitafuta ni jina lenyewe. Kama bado linatokea, mama bado yupo.

Nilimpa mtu yule namba yangu ampelekee. Haikupigwa. Baadaye nilisafiri mwenyewe mpaka huko, nikaambiwa kundi lao limehamia machimbo mengine, na hakuna aliyejua ni yapi. Nikaenda Ipole kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya magoti.

"Hilo jina linatokea lote?"

"Lote, mama. Majina yote matatu."

Akatabasamu, akainamisha uso. Niliona ni furaha. Ilikuwa furaha, lakini si yote, na nusu ile nyingine sikuielewa mpaka baadaye.

Mwaka uliofuata likaja agizo kwamba laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Isiyosajiliwa ingefungwa, na namba iliyofungwa, baada ya muda, hupewa mtu mwingine. Sikuwa na ubishi na agizo hilo. Nilikuwa nimewapokea kibandani watu wengi waliotapeliwa na namba zisizo na mwenyewe, na niliona ni haki kila namba iwe na mtu anayeweza kuonyeshwa kwa kidole. Niliwasajili majirani wa mtaa mzima. Mama nilimwacha mwisho kwa sababu nilidhani ndiye rahisi kuliko wote.

Alikuja Tabora kwa basi la asubuhi. Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja, nikafuta kioo cha mashine, nikachukua kidole gumba cha kulia. Ikakataa. Cha kushoto. Ikakataa. Nikapitia vyote kumi, kimoja kimoja, mara tatu tatu.

"Imeharibika?" aliuliza.

Nikaweka kidole changu. Ikapokea mara moja.

Usiku ule nilirudia kusoma nilichokuwa nimeandika kurasa za kushoto. Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta membamba na mabonde kati yake. Mashine haihifadhi picha ya kidole kizima. Huhifadhi alama ndogo ndogo, mahali tuta linapoishia na mahali linapogawanyika, na umbali kati ya hizo. Uzee hupunguza kina cha mabonde. Kazi ya mikono huyasaga matuta. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo, na sikuwahi kuyaweka pamoja na vidole vya mama yangu. Hata alipochukuliwa alama kwa ajili ya kitambulisho, karani hakuniambia kama zimesomeka. Anayechuma tumbaku mbichi hushikwa na gundi nyeusi ambayo sabuni haiitoi. Mama aliitoa kwa mchanga na majivu, kila jioni ya msimu, tangu alipoolewa.

Kesho yake nikaanza kazi kwa utaratibu. Nilimwomba akae kwetu, asiguse sufuria wala jembe. Siku ya kwanza nilimlowesha vidole kwenye maji ya uvuguvugu. Siku ya pili nikampaka mafuta ya karanga, nikafuta, nikajaribu. Siku ya tatu nikakausha kwa kitambaa na kupunguza mwanga wa kibanda. Nikajaribu kubonyeza kwa nguvu, kubonyeza taratibu, kulaza kidole, kukisimamisha. Alikaa pale kwa subira kubwa, mkono wake mkononi mwangu, na sidhani kama nilikuwa nimemshika mkono kwa muda mrefu hivyo tangu nilipokuwa mtoto. Ukurasa wa kulia wa daftari unasema: vidole kumi, siku sita, hakuna.

"Umenikagua kama njugu," alisema. "Nenda basi kaseme mama yako hana vidole."

Mke wangu aliliona jambo kwa ufupi zaidi. "Weka kidole chako, iishe. Nani atajua?"

Wengi walifanya hivyo. Mawakala wenzangu walikuwa na wazee watano sita kwenye kitambulisho kimoja. Wiki ile ile nilikuwa nimemkatalia mzee mmoja wa jirani aliyeniomba jambo hilo, na alinitukana sana. Lakini siwezi kusema nilikataa kwa uadilifu. Nilikataa kwa sababu, nikiweka kidole changu, Jumapili itakayofuata jina litakalotokea kwenye simu ya kaka ni langu. Ataingiza namba ya mama, ataona jina la mdogo wake, na atafahamu kile ambacho mtu yeyote angefahamu: kwamba mwenye namba amekufa na laini imerithiwa.

Nilimweleza mke wangu hivyo. Alikwenda jikoni, hakulitaja tena.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Mwenzangu mmoja akanidokeza kwamba kwenye duka la kampuni, pale mjini, kuna njia nyingine kwa watu ambao vidole vyao havisomeki: mhudumu huwauliza maswali yaliyomo kwenye kumbukumbu za kitambulisho chao, na wakijibu sawasawa, laini inasajiliwa. Nilifurahi kama mtu aliyekuta mlango kwenye ukuta. Mama ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Nilimwambia avae vizuri, tukaenda.

Mhudumu alikuwa binti wa kama miaka ishirini na sita hivi, amejifunga ushungi wa buluu. Aliinuka akamsalimu mama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Kaa hapa, bibi. Nitakuuliza, wewe unanijibu mwenyewe. Kaka, wewe kaa pale." Alinionyesha benchi, hatua tatu nyuma. "Na usimsaidie. Ukimjibia tu, nafunga. Wameletwa wazee wengi hapa wanajibiwa na watu wasiowajua, halafu laini zinakwenda kufanyia utapeli."

Nilikubaliana naye. Ningekuwa mimi, ningeweka sheria hiyo hiyo.

Mama alijibu mwaka wake wa kuzaliwa. Akajibu kijiji, akajibu kata, akajibu jina la mama yake mzazi, tena akaongeza kwamba alikuwa mfinyanzi wa vyungu, jambo ambalo mfumo haukuliuliza. Binti alikuwa anatabasamu na kubofya.

"Sasa la mwisho, bibi. Nitajie majina yako matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho."

Mama akataja la kwanza. Akataja la pili, la baba yake. Akaishia hapo.

"Na la tatu?"

"Liko hapo kwenye kadi."

"Naliona, bibi. Lakini inatakiwa ulitaje wewe."

"Kwani wewe hujui kusoma?"

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Jina la tatu la mama yangu ni jina la babu yangu, baba yake baba. Ni baba mkwe wake. Kwetu, mwanamke wa rika lake halitaji jina la baba mkwe. Halitaji akiwa peke yake, halitaji baada ya mzee kufa. Mwanangu wa pili nimempa jina hilo la babu, na mama, tangu mtoto akiwa na siku saba, humwita "mkwe". Nimekua nikiona hivyo. Jambo ulilolizoea toka utotoni hulioni tena, kama usivyousikia mlango wa nyumbani kwenu unavyolia.

Na jina lile aliliandikisha nani? Mimi. Zamani zile za fomu za karatasi, nilipomnunulia laini, karani aliuliza jina la tatu, nikasema la ukoo wa baba bila kufikiri. Lilipokuja suala la kitambulisho cha taifa, niliandika lile lile, nikamwagiza mama akae kimya, mimi nitasema, ili majina yafanane kila mahali. Nilijivunia kufanana huko. Ningeweza kuandika jina la babu yake mzaa baba, na pasingekuwa na tatizo. Sikumuuliza hata mara moja. Sasa kulibadilisha kulihitaji kiapo, safari na miezi, na zilikuwa zimebaki siku tano.

Nilisimama. "Dada, naomba nikueleze, si kwamba nimjibie."

Nikamweleza. Alinisikiliza mikono yake ikiwa juu ya meza.

"Naelewa, kaka. Mama yangu ni wa Igunga. Mpaka leo baba mkwe wake anamwita 'yule mzee wa kule'." Akamgeukia mama. "Naelewa, bibi. Mfumo ndio hauelewi. Ukikaa bila jibu unajifunga, na ukijifunga mara tatu ndiyo basi."

Mama akajifunga khanga vizuri, akasimama. "Mwambie upumzike," alisema. "Na mimi nakwenda kupumzika."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mchana ule tulikaa uani, yeye juu ya mkeka, mimi juu ya kigoda, na hapo ndipo nilipomwomba radhi kwa lile jina.

"Uliliandika kwa mwandiko mzuri," alisema. "Hilo nililiona."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambiaje bila kulitaja?"

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, mambo ambayo hakuwahi kunieleza. Alipoolewa alikuwa na miaka kumi na sita. Mama mkwe alikuwa mkali, na wakati wa kufunga majani kwenye vijiti alikuwa akimkaripia mbele ya vibarua. Mzee hakumkaripia hata siku moja. Akipita, alikohoa kwanza mbali, ili mkwewe apate nafasi ya kujisitiri na kupiga magoti. Akipata asali, sega la kwanza aliliweka juu ya jiwe karibu na mlango wa jikoni, akaondoka bila kusema ni la nani.

"Hatukuwahi kukaa kiti kimoja wala kula chungu kimoja," alisema. "Alinipa heshima kwa kukohoa. Mimi nilimpa kwa kutomtaja. Hicho ndicho tulichokuwa nacho. Nikilitaja pale kwenye meza, mbele ya watu wanaonunua vocha, nitakuwa nimemvua nguo."

"Basi tuache, mama."

Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi. "Tuache, halafu yule wa machimboni akiangalia aone nini?"

Akaniomba nimpigie shangazi, dada yake baba, ambaye bado yuko Ipole. Wao ni mawifi, na maisha yao yote wamesalimiana kwa matusi. Niliweka sauti juu kwa sababu shangazi hasikii vizuri.

"Wifi, bado uko mjini unakula chipsi?" shangazi alianza. "Kuku wako nimeshawachinja."

"Kula, labda utanenepa, mchawi wewe. Sikia, nina neno."

Akamweleza. Upande wa pili nikasikia anafunga mlango.

"Baba ni wangu," shangazi alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwa kaka zangu hakuna aliyebaki. Kwa hiyo ruhusa ninayo mimi. Mtaje, wifi. Ila umtaje kwa heshima. Usimtaje kama unafukuza mbuzi."

"Utanicheka."

"Nitakucheka mpaka ufe. Lakini mtaje."

Kesho yake mama aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni la kanisani na khanga mbili mpya ambazo mke wangu alimpa. Hakutaka chai. Tulifika dukani kabla halijajaa. Binti wa ushungi wa buluu alituona, akatuita yeye mwenyewe tuvuke foleni.

Mama alibaki amesimama. "Baba," aliniambia, kama anavyoniita anapotaka jambo zito, "toka nje."

"Sitasema kitu, mama. Nitakaa pale pale kwenye benchi."

"Wewe ni damu yake. Toka."

Nilitoka. Mlango wa duka lile ni wa kioo, na nje ni barabara yenye kelele: pikipiki, muuza maembe, mtu anajaribu spika. Sikuweza kusikia lolote la ndani. Ninachoandika hapa ni cha ukurasa wa kulia, nilichokiona kwa macho.

Mama alivua kandambili zake, akaziweka sambamba pembeni. Alijibu maswali ya mwanzo akiwa amesimama; niliona mdomo wake ukienda na binti akibofya. Kisha binti akainua uso. Mama akashusha khanga ya kichwani mpaka ikafunika paji la uso, akapiga magoti kwenye vigae, kama mwanamke anavyopiga magoti mzee wa nyumba anapopita uani. Kichwa chake kilikuwa chini ya kimo cha meza. Binti hakuweza kumwona tena. Akainuka kutoka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akachuchumaa karibu naye, akasogeza sikio.

Watu kwenye foleni walitazama sakafu.

Ilikuwa kitambo kidogo, pumzi mbili au tatu. Binti alitikisa kichwa mara moja kukubali, akamshika mama mkono akamwinua, akarudi kwenye mashine yake. Nikaona anaandika.

Nilipoingia, mama alikuwa anavaa kandambili. Hakunitazama. Binti alinipa karatasi nitie saini kama shahidi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Imekubali, kaka," alisema. Kwa mama akasema, "Bibi, nimelisikia mimi tu. Na mimi nimeshalisahau."

"Asante, mjukuu wangu."

Nimefikiria mara nyingi tangu siku ile juu ya kurasa zangu mbili. Nilikuwa nimejifunza kwa makini jinsi mashine inavyomtambua mtu: kwa ngozi yake, na ikishindikana, kwa anachokijua. Sikuwahi kusoma mahali popote juu ya kile ambacho mtu anakijua na hakisemi. Kwa mama yangu, hicho ndicho kilichokuwa utambulisho wake kuliko alama yoyote, na ndicho alichotakiwa kukitoa ili aaminiwe kwamba ni yeye. Silalamikii mfumo. Mwaka ule ule niliacha uwakala, nikabaki na ufundi, na kabla ya kumjazia mtu fomu yoyote sasa namuuliza, jina hili, unalitaja?

Kaka hajapiga mpaka ninapoandika haya. Sijui kama bado anaangalia. Sina njia ya kujua. Mfumo haumwambii mtu kwamba jina lake limetazamwa.

Siku ile, tulipotoka dukani, mama alisimama chini ya baraza ya duka la jirani, mahali penye kivuli. Aliniomba nifanye kama kaka anavyofanya. Nikatoa simu yangu, nikaingiza namba yake kama ninayetaka kutuma, nikasubiri. Majina matatu yakatokea. Nilimsogezea. Hasomi vizuri bila miwani, lakini aliweka kidole chake, kile kisicho na alama, juu ya kioo, akakipitisha taratibu kutoka jina la kwanza hadi la tatu, na kwenye la tatu akakiondoa mapema kidogo.

"Ndivyo anavyoona?"

"Ndivyo hivyo hivyo."

"Mimi, na baba yangu, na yule mzee."

"Ndiyo, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu alipokuja mjini niliona mabega yake yameshuka.

"Nimemtaja na kazi nimempa," alisema. "Nimemwambia, ukisikia nimekutaja, ujue ni kwa ajili ya mjukuu wako. Mwangalie huko aliko." Akanirudishia simu. "Haya, futa. Twende nikanunue chumvi, basi lisije likaniacha."

Nikafuta.